Eti Claude Rains "si alikuwa haonekani"! Huyu jamaa leo amenifikisha

Wakuu salaam, na hata salaam yenyewe naitoa nimekunja ngumi.

Mnamjua. Simtaji, maana nikimtaja chawa wake watahamia humu na magodoro yao. Yule mchambuzi wa mubashara za usiku, mwenye kofia ya kidairekta na rafu ya vitabu nyuma yake ambayo ukiangalia vizuri ni karatasi ya ukutani. Ndiyo. Huyo huyo.

Leo mada ilikuwa waigizaji wa filamu za kale waliotokea jukwaani. Nikanyoosha mkono nikasubiri mpaka ndevu zikaota. Nikapewa maiki. Nikasema kwa adabu zote: kaka, umetaja masteringi watupu, mbona Claude Rains hujamgusa? Yule wa The Invisible Man ya 1933?

Akacheka kwanza. Kisha mbele ya umati wote ule: "Naye mwigizaji? Si alikuwa haonekani!"

Halafu akanizima maiki.

Emoji za kucheka zikamwagika mpaka simu ikaganda. Nilivyopiga ukelele, mke wangu chumba cha pili akauliza nani kafariki.

HAONEKANI! Mtoto wa London, kazaliwa 1889 kwenye dhiki, lafudhi ya uswazi wa kwao na ulimi mzito juu. Kazi yake ya mwanzo ilikuwa kukimbia huku na huku nyuma ya pazia akiwaita waigizaji zamu yao ikifika. Bosi wa jumba hilo la maigizo, Herbert Beerbohm Tree, ndiye aliyemlipia masomo ya kutamka. Ulimi huo huo mzito ukaja kufundisha RADA, chuo cha uigizaji cha London, na mastaa John Gielgud na Charles Laughton walipita mikononi mwake. Kabla ya hapo gesi ya Vita vya Kwanza kule Vimy ilishamharibia jicho moja karibu lote. Hollywood kaingia kavuka 40, kimo kifupi, na dairekta James Whale akamchukua kwa ajili ya SAUTI. Muvi nzima ni bandeji na miwani myeusi, sura tunaiona mwishoni kabisa akiwa kitandani anakata roho. Sasa msikie anavyocheka mle ndani, halafu uje uniambie hakuigiza.

"Si alikuwa haonekani." Ndiyo kazi yenyewe ilikuwa hiyo, we kofia!

Na maiki akanizima. Nilikuwa bado sijafika hata kwenye muvi yake ya Casablanca.

mzee_wa_kibanda: Nimekaa siti ya mbele, karanga ninazo.

Chuma Ulete: Mleta uzi, marehemu alifariki 1967. Wenyewe walishaanua matanga, wewe ndiyo kwanza unaweka turubai.

binti_wa_feri: Nilikuwepo mubashara. Ulizimwa ukiwa katikati ya neno "lakini". Tulisikia "laki" tukadhani unachangia harusi.

MLETA UZI: Cheka tu dada. Ila jibu hili: mtu anaitwa kugombea tuzo ya Oscar mara 4 kama mwigizaji msaidizi, halafu mwenye kofia anasema haonekani? 1939 kachukua Thomas Mitchell. Ya Casablanca kachukua Charles Coburn. Ya Mr. Skeffington kachukua Barry Fitzgerald. Ya Notorious kachukua Harold Russell. Wao walimwona kila mara, wakamwacha tu!

Kapteni Kiti: Mkuu hapo kwa Casablanca nipo na wewe. Yule polisi fisadi anayemcheza anafunga baa kwa kosa la kamari huku analetewa hela yake aliyoshinda kwenye kamari hiyo hiyo. Anapokea, anashukuru, anaendelea kufukuza watu. Uso haujatikisika hata kope. Nimekutana na trafiki wa hivyo jana, naye alinishukuru.

nusu_kilo: Trafiki wa wapi huyo? Mimi wangu hata ahsante hasemi.

MLETA UZI: Tusihame mada. KANIZIMA MAIKI.

Shangazi Makavu: Mara 4 nazo ni za kulilia? Thelma Ritter kaitwa MARA 6 na karudi nyumbani mikono mitupu mara zote, na yeye pia alitokea jukwaani. Ila kwa kuwa ni mwanamke na kila siku anapewa uhausigeli, hakuna aliyemfungulia uzi. Wanaume humu mnaliliana wenyewe kwa wenyewe.

mzee_wa_kibanda: Shangazi kaingia. Naongeza karanga.

Bwana Tumbo: Nami natetea wanene. Sydney Greenstreet kakaa jukwaani tangu enzi za babu, muvi yake ya kwanza The Maltese Falcon, 1941, ana miaka 61! Na hapo hapo akaitwa Oscar. Umri huo hapa kwetu ungeambiwa ukalee wajukuu.

Chuma Ulete: Nimesoma huyo Rains alioa mara 6. Haonekani kwenye muvi lakini kwenye harusi alionekana sana.

MLETA UZI: Ndoa za marehemu zinahusiana nini na maiki yangu?

Geti Kali: Wacha niseme langu. Mimi nimesoma sanaa za jukwaani Bagamoyo. Nimecheza mfalme, nimecheza mganga, nimekufa jukwaani watu wakalia kweli. Nikiitwa kwenye seti napewa nini? MLINZI WA GETI. Mstari wangu mmoja: "Bosi ameingia." Koti la ulinzi linanuka mafuta ya taa, kifungo cha juu hakuna, naambiwa nishike kola kwa mkono isiachie. Kushika kola ndiyo uigizaji wangu wote. Na nauli sijalipwa hadi leo. Dairekta mwenyewe mnamjua.

binti_wa_feri: Wa prado nyeupe?

Geti Kali: Sijataja mtu.

nusu_kilo: Ni wa prado nyeupe. Dada yangu alipewa uhausigeli, akaambiwa aje na ndoo yake mwenyewe. Ndoo haijarudi.

Shangazi Makavu: Unaona sasa? Uhausigeli TENA.

Kapteni Kiti: Wakuu nina swali. Huyo mwenye kofia muvi yenyewe kaiangalia wapi? Maana kama ni ile copy iliyoingiziwa Kiswahili, sauti ya Rains hajawahi kuisikia. DJ anaongea mwanzo mwisho, hata kile kicheko kakicheka yeye.

MLETA UZI: ASTAGHAFIRULLAH. Kwa hiyo haonekani NA hasikiki?

mzee_wa_kibanda: Muwaache madj. Kibanda changu bila DJ wateja wanaondoka na viti. Bibi yangu muvi zote za Kizungu kazielewa kwa DJ.

Kapteni Kiti: Bibi yako anajua Rains anatokea Tandale.

mzee_wa_kibanda: Usimguse bibi. Na ile flashi yangu niliyokuazima Ramadhani ilikuwa na muvi hiyo hiyo. Iko wapi?

Kapteni Kiti: Nilimpa nusu_kilo.

nusu_kilo: Mimi nilimpa Geti Kali pale seti.

Geti Kali: Flashi nyekundu haina mfuniko? Aliichukua dairekta.

binti_wa_feri: Prado nyeupe tena!

MLETA UZI: Jamani. Maiki.

mzee_wa_kibanda: Subiri kwanza mkuu. Geti Kali, namba ya huyo dairekta nitumie inbox.