Naomba ushauri: kwa Homer nianze na Iliad au Odyssey?

Wakuu, habari zenu. Nataka kusoma tenzi za Homer, mshairi wa Ugiriki ya kale, ila nimekwama mlangoni. Iliad ina mistari zaidi ya 15,000, na kitabu cha pili kinaorodhesha merikebu za Wagiriki mpaka usingizi unakushika. Naelewa tenzi hizi zilighanwa kwanza kabla ya kuandikwa. Milman Parry, mtafiti Mmarekani, alirekodi waghani wa Yugoslavia miaka ya 1933–1935 kuthibitisha kwamba mafungu kama "Achilles mwepesi wa miguu", yanayojirudia kila mara, humsaidia mghani kutunga papo hapo. Sasa nianze na Odyssey, ambayo naona ina visa vitamu zaidi, au nisikilize Iliad ikisomwa kwa sauti? Na ile orodha ya merikebu, nikiiruka napoteza nini? Kiingereza nasoma, Kigiriki hata herufi sijui.