Msaada jamani: F-5 ya modeli ya mzee wangu, kioo kimeota ukungu, rangi imebanduka

BintiNanyuki:
Wadau habari za jioni. Naomba mnivumilie maana nina mengi. Mzee wangu alikuwa fundi wa ndege pale kambini Nanyuki, F-5, zile ndege za kivita, amezishika tangu zilipoingia nchini 1978 mpaka anastaafu. Nyumbani kwetu ile ndege ikipita mazungumzo yalikuwa yanasimama, watu kijiko mkononi, mngurumo ukiisha ndio mnaendelea pale mlipoachia. Sasa anafikisha miaka 75 na nikasema zawadi si sweta mwaka huu, nimuundie ndege yake. Kaka yangu akaniletea boksi kutoka Ujerumani, F-5E ya plastiki ya kuunganisha, ya kampuni ya Italeri, skeli 1/72, yaani ndogo mara 72 kuliko ya kweli. Sijawahi kuunda hata moja maishani.

Kuunganisha kulienda vizuri nikajiamini. Alafu nikabandika kioo cha rubani kwa supaglu, nikalala, asubuhi kioo cheupe kama dirisha la bafu mtu akishaoga maji moto, na kwa ndani! Kile kiti cha rubani nilichokaa nacho jioni nzima nikipaka mikanda kwa ncha ya kijiti cha meno hakionekani tena. Rangi nayo, nilipuliza kijani ya kopo ya magari, kesho yake nikabandika maskintepu ili nipate mpaka wa kahawia, kubandua tu tepu ikaja na kijani yake, bawa la kushoto limebaki plastiki tupu, kipande cha ukubwa wa ukucha wa dole gumba. Na nikiisimamisha kwa magurudumu yake inakaa mkia chini pua juu.

Jirani ananiambia nifute kioo kwa ile dawa ya kutolea rangi ya kucha. Nina wiki tano. Inaokoleka au ninunue nyingine?

MsasaMaji:
Dada hio dawa ya kucha iweke mbali kabisa na hio meza. Nyingi zina asetoni, na plastiki ya modeli ni polistirini, ikiguswa na asetoni inayeyuka pale pale, kioo utakosa na hutakipata tena.

Kilichotokea ni hivi, supaglu ikikauka inatoa mvuke, na ule mvuke unatafuta pa kutua, hasa penye unyevu au alama za vidole, ndio maana polisi wanautumia kuibulia alama za vidole kwenye vitu. We umeufungia ndani ya kichumba kidogo hauna pa kutokea. Sasa fanya hivi, weka ndege kwenye friza lisaa limoja, supaglu haipendi baridi inakuwa kavu kama biskuti, ukiitoa tu ingiza ncha ya wembe kwenye ukingo wa kioo taratibu, usikwanyue kwa nguvu, tembeza kidogo kidogo kuzunguka mpaka kiachie. Kikitoka ule ukungu mwepesi unatoka kwa dawa ya meno ya kawaida nyeupe na kitambaa laini, kama umeganda anza na msasa wa maji namba 2000 ndio uje kwenye dawa ya meno. Kitabaki na vimikwaruzo vidogo, usiogope, kichovye kwenye klia ya kung'aa ya maji, yaani vanishi isiyo na rangi, kitundike kikauke chini ya bakuli vumbi lisiingie, vimikwaruzo vinajaa na kioo kinarudi. Mi nimeokoa viwili hivyo.

Kukirudisha tumia gundi nyeupe ya shule. Haitoi mvuke, na ikichafua unafuta na maji.

FundiRangi wa Kisauni:
Mi kazi yangu ni kupuliza magari, modeli ni za usiku watoto wakishalala. Hapo kwa rangi swali moja tu dada, uliiosha plastiki kabla? Najua hukuiosha. Vile vipande vinatoka kiwandani na mafuta, wanapaka kalibu ili plastiki isigande, na juu yake kuna mafuta ya vidole vyako mwenyewe, na hukupiga prima, ile rangi ya chini ya kushikisha rangi yenyewe, kwa hiyo kijani yako ilikuwa imekaa juu ya mafuta, haikushika plastiki. Hata bila tepu ingekuja kubanduka tu. Gari ni vile vile, ukiona bodi inamwaga rangi kama magamba ya samaki ujue kuna mtu aliruka hatua huko chini.

Usipake juu ya hilo shimo maana utaliona daima kama kovu. Bandika tepu sehemu nyingine nyingine ubandue, panapoachia acha paachie, afadhali iachie mikononi mwako kuliko kwa mzee. Ile inayobaki imeshika. Kingo zote zipige msasa wa maji 1000 kisha 2000 mpaka ukifumba macho ukapitisha kidole husikii ngazi. Osha na maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, mswaki laini, acha ikauke yenyewe, kuanzia hapo shika kwa glavu au kwenye kijiti. Piga prima ya kijivu, nyepesi, ikikauka mpaka kesho ndio rangi.

Hizo kopo za magari zina thina kali, ukipuliza nzito kwa karibu inakula plastiki na unaona vile vinyufa vinyufa. Kaa sentimita 20 mpaka 25, anza kupuliza kabla ya ndege na umalizie nje ya ndege, mpito wa kwanza uonekane kama vumbi tu, hujafunika kitu, ni sawa, subiri dakika kumi rudi tena. Kopo liloweke kidogo kwenye maji ya uvuguvugu kabla, rangi inatoka laini, lakini moto wa jiko usilisogelee.

Na hali ya hewa. Huku kwetu Pwani masika simpulizii mtu gari asubuhi, maana thina ikiruka inapoza bodi, unyevu wa hewani unatua juu ya rangi mbichi na rangi yote inapauka kama imepakwa maziwa. Sijui huko kwenu mlimani mkoje ila ukiona ukungu dirishani, acha. Ngoja jua likaushe hewa.

Tepu nayo kabla ya kubandika ndegeni ibandike kwanza kiganjani mara mbili tatu ipungue nguvu. Ukibandua iviringe ijikunje juu ya mgongo wake, usiivute kwenda juu.

brashi_tu:
Kama hio kahawia anataka kupaka kwa brashi asitumie rangi ya akriliki ya kampuni ya Tamiya, inavua safu ya chini ukirudia. Ya kampuni ya Vallejo inatulia kwa brashi. Ni hayo tu.

BintiNanyuki:
Asanteni sana mno. FundiRangi umejuaje sikuosha 😭 Friza nimeshajaribu, kioo kimetoka kizima na kiti kipo chini yake na mikanda yake, nimepiga kelele mpaka jirani akaja. Nabaki na ile ya pua, na rangi zenyewe. Mama amenitumia picha moja kwa siri, mzee amesimama chini ya bawa, lakini kwenye picha ndege yote ni kama kahawia kahawia, kijani siioni. Nimekosea?

Skeli72:
Picha ni ya miaka gani? Za zamani zilizosafishwa studio usiziamini kwa rangi, wino wa samawati ndio unakufa wa kwanza, ukishakufa picha inaelemea wekundu na kijani kinageuka kahawia. Tafuta kwenye hio hio picha kitu unachokijua, majani, au bendera kama ipo, uone kimebadilika kiasi gani, hapo utajua ndege nayo imebadilika kiasi gani. Na kama ni ya miaka ya mwanzo basi fuata hio, usifuate picha za juzi za mtandaoni, ndege zinapakwa upya na wewe unaunda ile aliyoshika yeye.

Pua sasa. Hii ilitakiwa kabla hujafunga mwili lakini bado kuna njia, toboa kwenye chumba cha gurudumu la mbele, humo ndani tundu halionekani, uingize risasi ndogo ndogo za mshipi wa kuvulia, zile chubwi, chagua ndogo kabisa. Kwanza bandika mzigo juu ya pua kwa tepu uone ni kiasi gani kinaishusha, ongeza kidogo ndio uingize. Na hapa ndio nataka unisikie vizuri: zishikishe kwa araldaiti, ile gundi ya kuchanganya mbili, USITUMIE gundi nyeupe. Risasi na gundi nyeupe zinakulana polepole, risasi inaota unga mweupe na kuvimba, miaka michache pua inapasuka yenyewe kabatini. Yangu moja ilipasuka hivyo na nilikuwa nimeipenda. Hii ya mzee inatakiwa ikae.

Alama za Kenya humo kwenye boksi hutazikuta, itabidi uprinti kwenye karatasi ya dekali, zile stika nyembamba za kubandika kwa maji. Printa haina wino mweupe kwa hiyo chukua karatasi nyeupe, ile ya uwazi itakumezea mistari myeupe yote ya bendera. Kabla ya dekali piga klia ya kung'aa, ukibandika juu ya rangi kavu isiyong'aa hewa inabaki chini na unaona ule ung'avu wa fedha pembeni. Klia ya kufifisha ije mwisho.

Ya kweli bawa hadi bawa ni mita 8.13, yako sentimita 11 na kidogo, namba za mkiani zitakuwa ndogo kama punje. Kwenye picha ya mama namba inasomeka?

BintiNanyuki:
Inasomeka! Mbili za mwisho zimezibwa na kofia yake lakini mama anasema anazijua. Chubwi nitaagiza Jumatatu kwa mtu anayekuja kutoka Mombasa, huku tuna samaki wa mtoni tu.

FundiRangi wa Kisauni:
Usiagize. Nitumie ujumbe pembeni nikuwekee za gramu moja moja kwenye basi.