ufw (firewall ya Ubuntu) inasema imefunga, lakini poti 5432 iko wazi

mtu_wa_stoo: Wakuu, nina seva ya Ubuntu, PostgreSQL (hifadhidata) inakaa ndani ya Docker (programu ya kuendesha huduma ndani ya kontena). Kwenye ufw nimeruhusu IP ya ofisini tu kwa poti 5432, wengine wote deny (kataa). `ufw status` inaonyesha safi kabisa. Ila nikijaribu kwa data ya simu, inaunganisha! Na kwenye logi kuna watu wanabahatisha nywila ya `postgres` usiku kucha. Shida nini?

kibo_linux: Angalia mpangilio. ufw inasoma kutoka juu, sheria ya kwanza kulingana ndiyo inaamua. Allow ikae juu ya deny.

bi_mtandao: Kweli, ila hilo lingemfungia yeye wa ofisini, siyo kuwafungulia walimwengu. Mchawi ni Docker. Ukiandika `-p 5432:5432` kufungua poti ya kontena, inajiwekea sheria zake kwenye iptables (kichujio cha pakiti cha Linux), pakiti zinapita FORWARD (njia ya zinazopitishwa kwenda kwingine) na kuikwepa INPUT (njia ya zinazoingia kwenye seva yenyewe) ambako deny yako imekaa. Andika `127.0.0.1:5432:5432` ili poti isikilize ndani ya seva tu, unda kontena upya, kisha ofisini mpite kwa tuneli ya SSH (njia salama ya kuingia seva kwa mbali). Ukilazimika kuchuja IP, chujia kwenye DOCKER-USER (sehemu ya iptables ya kuweka sheria zako mwenyewe).

mtu_wa_stoo: Aisee, logi kimya! Asante dada. Ila ofisini modemu ikizimika tunapata IP nyingine, SSH nayo niifungie kwa IP?

bi_mtandao: Usithubutu, utajifungia nje. Tumia funguo za SSH badala ya nywila, weka `PasswordAuthentication no` kwenye mipangilio ya SSH. Na dirisha la SSH ulilonalo usilifunge mpaka uingie kwa la pili.