Tupeane uzoefu: matairi ya AT au ya lami kwa magari mazito ya fowili

Mkulima wa Kiteto
Ndugu zangu, jana jirani yangu alinipa lifti kwenye Prado yake aliyoifunga matairi mapya ya AT (all-terrain, ya lami na porini), na tangu niusikie ule mvumo nimebaki nikiyafikiria ya kwangu, ambayo yamekaribia kuwa vipara. Ninaendesha Land Cruiser V8, gari ambalo likijaa watu, mafuta na magunia linavuka tani 3. Sehemu kubwa ya safari zangu ni lami ya Dar es Salaam hadi Dodoma, lakini nikifika Kongwa naiacha lami na kuelekea Kibaya shambani, na anayeijua njia ile wakati wa mvua sina haja ya kumweleza. Muuzaji mmoja ananishauri nifunge AT. Mwingine anasema nitakuwa nimenunua kelele na ulaji wa mafuta kwa ajili ya kipande kidogo cha safari. Naomba waliowahi kutumia aina zote mbili kwenye gari zito waseme yaliyowakuta wenyewe.

Dereva wa Kaskazini
Mkuu, umenikumbusha mbali. Mimi napeleka watalii Serengeti, na kama mnavyojua, kutoka Arusha hadi lango la Loduare la kuingilia Ngorongoro ni lami tupu, ndipo panapoanza vumbi, mawe na mikunjo ya barabara hadi Naabi, lango la Serengeti. Kuna msimu ofisi niliyokuwa nikiifanyia kazi iliamua kufunga matairi ya lami kwenye magari yote, kwa hoja kwamba ni ya bei nafuu na wageni hawapendi kelele. Tulipoteremka kutoka Malanja tairi la nyuma kushoto likapasuka ubavuni, chini kidogo ya maandishi, mpasuko wa urefu wa kidole. Pancha ya kashatani, yaani sehemu inayokanyaga barabara, unaiziba ukaendelea na safari, lakini ubavu ukishachanika hakuna fundi wa kukusaidia, tairi ni la kutupa. Nikafunga spea, na kabla sijafika Naabi tairi jingine likachanika vilevile. Wageni walikaa juani wakinitazama, mmoja wao akiuliza kwa upole kama simba hupita maeneo yale. Aliyeniokoa ni dereva wa kampuni nyingine aliyeniazima spea yake, na bahati ilikuwa kwamba sote tulikuwa na Land Cruiser zenye nati 5. Angekuja mwenye Prado, ambayo ina nati 6, angenipa pole akaondoka. Tangu hapo sipiti njia ile na tairi lenye ubavu mwepesi, hata nikilipwa.

Binti wa Njombe
Ni kweli kabisa. Mawe ya Naabi hayamwogopi mtu.

Fundi wa Gerezani
Wanajukwaa, tusichanganye mambo mawili. AT ni jina la mchoro wa kashata, ilhali ubavu mgumu ni suala la plai, yaani uimara wa tabaka za ndani ya tairi. Kuna matairi ya AT yenye ubavu laini kama ya lami, kwa sababu yametengenezwa kwa ajili ya magari ya mjini yanayotaka sura ya porini. Kaka wa Kiteto, unapokwenda dukani soma namba za ubavuni. Tairi lililoandikwa 112 linabeba kilo 1,120, lenye 116 linabeba kilo 1,250, na lenye 121 linabeba kilo 1,450. Kwa V8 inayobeba magunia mimi sishuki chini ya 116. Kisha tazama tarakimu nne za mwisho kwenye mstari wa ubavuni unaoanza na herufi DOT: ukikuta 2319, maana yake tairi limetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019, hata kama muuzaji amelipaka dawa linang'aa. Na jambo moja ambalo wengi hawaambiwi ni kwamba tairi la plai 10 linahitaji upepo mwingi zaidi kuliko tairi la kawaida ili libebe uzito ule ule. Ukilijaza kwa kufuata kibandiko cha mlangoni, kilichoandikwa kwa ajili ya matairi yaliyokuja na gari, litachemka ukiwa kwenye kasi ya barabara kuu.

Mzee wa Mitumba
Fundi, hayo ya tarakimu mnayatia chumvi ili tununue vipya. Nina matairi ya mtumba kutoka Japani ambayo kashata zake bado ziko juu, na ninapanda nayo mlima Kitonga kila mwezi bila tatizo lolote.

Fundi wa Gerezani
Mzee wangu, shikamoo. Kupanda Kitonga si tatizo. Tatizo ni kuteremka ukiwa na mzigo huku raba ikiwa imekauka na kuanza kupasuka nyufa ndogo ndogo ubavuni. Yakunje kwa dole gumba katikati ya kashata, uone kama hutaziona.

Mjukuu wa Makete
Nilikuwa nasoma tu, lakini naona nieleze yaliyotukuta tulipokuwa tukimpeleka bibi yetu kuzikwa nyumbani. Ilikuwa Machi, wakati ambapo njia ya kutoka Isyonje kupanda Kitulo hadi Makete ilikuwa bado ya udongo, na mvua haikukatika tangu tulipoipita Uyole. Jeneza lilikuwa ndani ya V8 ya mjomba, viti vya nyuma vimekunjwa, nasi tumebanana mbele na pembeni yake. Mjomba alikuwa amefunga matairi mapya ya lami kwa ajili ya safari hiyo hiyo, na kwa kweli tangu Dar es Salaam gari lilikuwa limetulia kiasi cha mtu kusinzia bila kujijua. Giza lilikuwa limeshaingia na ukungu umetanda tulipofika kwenye kona moja ya kupanda, na hapo gari likaanza kurudi kinyumenyume huku magurudumu yote manne yakizunguka kwenda mbele. Mjomba akafunga difu ya katikati, ile inayogawa nguvu kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, akaweka gia nzito, akajaribu tena taratibu, na gari likazidi kusogea upande wa korongo.

Nilishuka nikayamulika matairi kwa taa ya simu. Mifereji yote ilikuwa imejaa udongo na kusawazika, hata usingeweza kusema kama tairi lile ni jipya au ni kipara. Gurudumu moja la nyuma lilikuwa limefika ukingoni, na kilichozuia gari lisitumbukie ni jiwe ambalo hatukuliona mpaka kulipokucha. Vijana wa kijiji cha jirani waliposikia honi walikuja na mapanga na majembe, wakakata matawi, wakatandika chini ya magurudumu, lakini kila tukijaribu matawi yalirushwa nyuma na gari likabaki palepale. Mwishowe wazee wakaamua kwamba marehemu asilale njiani. Tulilitoa jeneza kupitia mlango wa nyuma tukilishika kwa upande, kwa kuwa gari lilikuwa limeinama, tukalibeba mabegani kwa kupokezana hadi nyumbani, watu wakipoteza viatu kwenye tope, na shangazi akitembea pembeni na mwavuli wake, ambao aliushikilia juu ya jeneza na si juu ya kichwa chake.

Kesho yake baada ya mazishi ilipita hardtop (Land Cruiser ya kizamani) moja kuukuu ya misheni yenye matairi membamba, ikaivuta V8 bila hata kuhangaika. Matanga yalipokwisha mjomba aliyauza matairi yale Mbeya kwa hasara, na hadi leo ukimtajia matairi ya lami anabadilisha mazungumzo.

Binti wa Njombe
Poleni sana kwa msiba, kaka yangu. Hiyo ya mwavuli imenitoa machozi.

Mpenda Lami
Pole kwa msiba, ndugu, na naomba nisieleweke vibaya. Lakini simulizi yako haithibitishi kwamba AT zingewapandisha. Udongo ule ukilowa hujaza kashata za AT vilevile, kwa sababu mifereji yake si mipana ya kutosha kujisafisha gurudumu linapozunguka. Pale palihitaji MT (mud-terrain, matairi ya tope), au minyororo, au busara ya kulala Mbeya hadi mvua ikatike. Kila mara mtu akikwama tunayalaumu matairi, na kila mara akifika salama tunamsifu dereva. Mimi ninatumia matairi ya lami mwaka mzima kwenye gari zito, na siku ambayo ng'ombe waliingia barabarani ghafla karibu na Gairo huku lami ikiwa imelowa, nilifunga breki nikasimama mahali ambapo gari la nyuma yangu lenye AT lilinipita likiserereka. Kwa hesabu za kawaida mtu hukutana na lami iliyolowa mara nyingi kuliko anavyokutana na Kitulo ya Machi.

Mjukuu wa Makete
Ndugu, kulala Mbeya na jeneza si jambo jepesi kama unavyoliandika.

Dereva wa Kaskazini
Tuyaache hayo jamani, msiba si wa kubishaniwa. Tazameni ile hardtop ya misheni. Matairi yake ni membamba, kwa hiyo uzito wa gari unakandamiza eneo dogo na tairi linakata tope hadi kuifikia ardhi ngumu. V8 yenye matairi ya upana wa 285 inaelea juu ya tope.

Mswahili wa Maskati
Huku Oman tunataka kinyume chake. Kwenye mchanga wa Wahiba tairi jembamba linajizika, kwa hiyo tunatumia mapana na tunashusha upepo hadi psi 18 (psi ndiyo kipimo cha upepo wa tairi), wakati mwingine 15. Kashata kali zinachimba mchanga, na ndiyo maana wengi wetu tunaingia jangwani na matairi ya lami na kutoka salama. Muhimu ni kuwa na pampu garini, kwa sababu kurudi barabara kuu na upepo huo kwenye joto letu ni kulipasua tairi kwa makusudi.

Mwana wa Marsabit
Wenzetu wa Tanzania mna mawe, lakini njooni muyaone yetu kati ya Marsabit na Loiyangalani. Ni mawe meusi ya volkeno, na hupasua tairi la lami kama wembe. Sisi huku hubeba spea mbili, na upepo tunaushusha kidogo, hadi psi 25 au 26, ili tairi lijikunje juu ya jiwe badala ya kugongana nalo.

Fundi wa Gerezani
Hapo sikubaliani nawe, bwana. Ukishusha upepo kwenye mawe, ubavu unatokeza nje, nao ndio unaochanika kwanza. Kwenye mawe mimi naacha upepo ulivyo na kupunguza kasi.

Mwana wa Marsabit
Kasi inapunguzwa pia, fundi. Lakini huko Gerezani, mjini Dar es Salaam, kuna mawe gani?

Mzee wa Mitumba
Kuna mawe ya bei.

Mkulima wa Kiteto
Nawashukuru wote, ingawa sasa nimechanganyikiwa zaidi kuliko nilipouliza. Ninaelekea kwenye AT zisizo kali sana, zenye namba 116. Jirani yangu mwenye Prado aliamua pia kupanda kutoka 265/65R17 hadi 265/70R17 ili gari lisimame juu. Je, nami nifikirie kuongeza kimo?

Mpenda Lami
Mwambie jirani yako kwamba gurudumu lake sasa ni kubwa kwa asilimia 3.4 hivi, kwa hiyo mshale ukimwonyesha 50, gari linakaribia 52. Askari wa tochi hawasomi mshale wa kwenye dashibodi, na faini ni shilingi 30,000.

Dereva wa Kaskazini
Mishale ya Toyota huzidisha kidogo tangu kiwandani, kwa hiyo huenda sasa ndiyo inasema kweli. Usiongeze kimo, kaka. Ila ukinunua, nunua matano na si manne. V8 ina fowili ya muda wote, na siku utakayofunga spea ya lami yenye kimo tofauti kando ya AT tatu, difu ya katikati itafanya kazi bila kupumzika mpaka ufike kwa fundi wa pancha. Tena spea yako inaning'inia chini ya gari kwa mnyororo. Ukiwa umekwama na tumbo limekaa kwenye tope hutaishusha, kwa hiyo ukiiacha lami Kongwa na mawingu yamefunga, itoe mapema uifunge juu ya keria.

Mkulima wa Kiteto
Keria sina. Kuna anayejua wanakotengeneza imara hapa Dar es Salaam?