MJADALA: Ushuru wa korosho ghafi ulipie utafiti wa mabibo (matunda ya mkorosho), au tubaki na salfa ya kupulizia mikorosho?

Wakuu, habari za jioni. Naomba tulijadili hili kabla msimu haujachanganya.

Kwa miaka mingi korosho ghafi inayosafirishwa nje imetozwa ushuru wa asilimia 15 ya thamani yake au dola 160 kwa tani, kilicho kikubwa kati ya hivyo ndicho kinacholipwa. Hadi 2018 sheria ilitaka asilimia 65 ya fedha hizo irudi kuendeleza zao. Mwaka huo ikabadilishwa, zote zikaelekezwa Mfuko Mkuu wa Serikali. Msimamo wangu: ushuru huo utoe fungu la kudumu, si chini ya miaka kumi, ili TARI Naliendele, kituo cha utafiti wa kilimo kilichopo Mtwara, watengeneze kinywaji cha mabibo kinachouzika mpaka nje. Na timu iwe na Wabrazil tangu mwanzo.

Bibo lina uzito mara tano hadi kumi ya korosho yake. Sisi tunatoa korosho, bibo tunaliacha chini ya mti. Kesho yake limebonyea, limechacha, nzi wamejaa. Vitamini C yake inapita ya chungwa, ila ule ukakasi unaokausha ulimi unawashinda wanywaji. Kule Piauí, Brazil, wanautoa: juisi inatiwa jelatini kidogo, ukakasi unagandamana, wanachuja kwa kitambaa, kisha chupa zikiwa zimefungwa zinachemshwa ndani ya maji mpaka juisi iwe na rangi ya dhahabu. Wanaiita cajuína. Ilianza kama kinywaji cha majumbani, na leo Embrapa, shirika lao la utafiti lililoanzishwa 1973, wana kituo Fortaleza kinachoshughulikia mkorosho kuanzia mche hadi juisi.

Anayesema utafiti hauliwi akumbuke ubwiri unga, ule ugonjwa wa ukungu unaoshambulia mikorosho. Mavuno yaliyofika tani 145,000 msimu wa 1973/74 yaliporomoka hadi kama 16,500 mwaka 1986/87. Kuhamishiwa watu kwenye vijiji vya ujamaa na bei mbovu vilichangia, lakini ubwiri unga uliunguza maua mitini. Watafiti wa Naliendele na wenzao wa Uingereza walikaa na tatizo hilo miaka: salfa kiasi gani, ipulizwe lini, miche ipi inastahimili. Msimu wa 2017/18 tulivuka tani 300,000.

Mchangiaji, Newala:
Mkuu, historia hiyo naijua, baba alikata mikorosho akapanda muhogo. Lakini mimi leo nataka salfa ifike mapema. Ikichelewa, maua yameshaungua, na hakuna Mbrazil atakayenirudishia. Halafu hao wageni wakishajua mbegu zetu, jina litakaloandikwa kwenye chupa ni la nani?

Mchangiaji, Lindi:
Wanangu, mimi nakamua mabibo na kina mama wenzangu. Mafunzo tumepata, vyeti tunavyo. Mradi mmoja ulituletea mashine, ikaharibika beringi, spea hatukuipata Lindi wala Masasi, na wenye mradi walishaondoka. Juisi yetu tamu, ila chupa hii ina rangi hii, ile ina rangi nyingine. Mwenye duka kubwa ananiuliza nembo ya ubora ya TBS (Shirika la Viwango) na itakaa rafuni muda gani. Nitamjibu nini? Msituletee semina nyingine.

Mwanzisha mada:
Mama, shikamoo. Hilo la rafuni ndilo hasa ninalolililia. Kujua itakaa muda gani kunataka maabara, kuhifadhi chupa miezi na kuzipima tena na tena, na semina ya siku tatu haifanyi hivyo. Mradi wa muda mfupi unaleta mashine. Fungu la kudumu linamweka fundi na spea hapa hapa. Mnunuzi naye aingizwe mapema, aseme anataka chupa gani na utamu kiasi gani kabla hatujajaza hata moja. Timu yenye mkulima, mtafiti, Mbrazil na mnunuzi inakosea mapema, wakati kosa bado ni rahisi kurekebisha.

Kaka wa Newala, hofu ya umiliki ni ya haki. Iandikwe kwenye mkataba kabla jani moja halijatoka Naliendele: mbegu na jina ni vya kwetu, mgeni analipwa kwa utaalamu wake.

Mchangiaji, Newala:
Mkataba nauunga mkono. Lakini miaka kumi hiyo mkorosho wangu utapuliziwa na nani? Andika wazi kwenye hilo fungu: salfa ya msimu kwanza, utafiti uchukue kinachofuata. Ukiandika hivyo nasaini.