Madalali mnaouza safari za Nainital kwa wagonjwa wetu walioko Delhi, mmezidi!

Wakuu, heshima kwenu. Hasira hii ninayo tangu tulipokuwa India na sioni sababu ya kuendelea kuimeza. Uzi huu unawahusu madalali wanaozunguka kwenye gesti za wagonjwa kule Delhi, wale wanaokuja na simu zenye picha za ziwa la kijani katikati ya milima na kukwambia, "Mpeleke mama akapumzike Nainital." Wengine ni Watanzania wenzetu kabisa. Aliyetuuzia sisi ni Mtanzania, ameishi India miaka na miaka, anajua kila kitu kuhusu ile njia, na alinyamaza makusudi.

Kwa wasiopafahamu: Nainital ipo jimbo la Uttarakhand, kwenye vilima vya mwanzo vya Himalaya, karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Kutoka Delhi ni kama kilomita 300. Katikati kuna ziwa linaitwa Naini, lina urefu wa kilomita moja na nusu hivi, na mji umejibana kulizunguka. Kichwa cha ziwa ni Mallital, mkiani ni Tallital, na barabara ya Mall ndiyo inayounganisha pande hizo mbili kando ya maji. Mji wenyewe ndio huo. Sensa ya 2011 ilikuta wakazi 41,377 tu. Huku maji, huku mlima, hakuna pa kupanulia barabara wala pa kuegesha magari ya maana.

Sasa njoo mwezi wa tano na wa sita. Delhi joto limevuka nyuzi 40, shule zimefungwa, na kila mwenye gari kuanzia Delhi mpaka Moradabad anakimbilia milima hiyohiyo. Barabara nyembamba ya kona inajaa kama Kariakoo mkesha wa Idi. Polisi wanaweka vizuizi nje ya mji, magari ya wageni yanazuiwa huko chini, watu wanapandishwa kwa vibasi. Hili si siri, kila msimu linatokea na linatangazwa kwenye habari zao. Dereva yeyote wa Delhi anayepeleka watu huko analijua. Dalali wetu naye analijua.

Bi mkubwa alikuwa amemaliza matibabu, daktari ameshamruhusu kusafiri, tumebakiza kliniki moja kabla ya kurudi nyumbani. Gesti yetu umeme ukikatika kiyoyozi kinazima, na chumba kinakuwa tanuri. Mama ni mtu wa Lushoto, amezoea ukungu na sweta. Alipoonyeshwa ile picha akasema mwenyewe, "Mwanangu, hapo ningepona kabisa." Ndipo dalali akamwaga maneno: hoteli ipo ziwani, chumba cha chini hakuna ngazi, gari mlango kwa mlango, mama hatagusa ardhi mpaka kitandani. Tukalipa yote kabla ya kuondoka, kwa sababu ni mwenzetu na alikuwa anamwita mama "shikamoo bibi" kila akiingia.

Kutoka Kathgodam, ambapo reli inaishia chini ya mlima, hadi Nainital ni kama kilomita 35. Siku ya kawaida ni saa moja na kitu. Sisi usiku ulituishia pale barabarani. Gari linasogea mita chache, linazima, linasogea tena, huku bonde liko upande wa kushoto na malori yanapiga honi nyuma. Tulipofika kwenye kizuizi, askari akamwambia dereva hapiti, ashushe watu. Dereva hakushangaa hata kidogo. Akafungua buti, akashusha mabegi yetu moja moja kwenye vumbi, akasema bosi wake alimwambia mwisho wa safari ni hapo. Mgonjwa aliyetoka hospitali, na fimbo yake, na mfuko wa dawa, anapandishwa kwenye kibasi kilichojaa watu mpaka mlangoni. Kijana mmoja wa Kihindi ndiye aliyemwachia mama kiti bila kuambiwa.

Na hapo bado hatujafika hotelini.

Hoteli "ya ziwani" ilikuwa juu huko, unaacha barabara unapanda ngazi za mawe. Tukapanda taratibu, mama anapumzika kila baada ya ngazi chache. Mapokezi kijana akaona pasipoti zetu akabadilika. Hakuzigusa kwa mkono. Alizisukuma kurudi upande wetu kwa ncha ya kalamu, akasema, "Hatupokei wageni kutoka nje." Nikamwonyesha malipo. Akarudia sentensi ileile, halafu akageuka kuangalia televisheni.

Wakuu, hapa naomba mnisikilize vizuri kwa sababu ndipo watu wetu wanapoumizwa zaidi. India hoteli ikimlaza mgeni wa nje inatakiwa kutuma taarifa zake serikalini kwa mtandao ndani ya saa 24, kwenye kitu kilichozoeleka kwa jina la Fomu C. Hoteli ndogo nyingi hazitaki usumbufu huo. Wanapokea Wahindi tu, na kwenye mitandao ya kuuza vyumba hawaandiki hivyo wazi, au wanaandika kwa maandishi madogo ambayo hakuna anayeyafikia. Mtu aliyeishi India wiki moja tu ameshalisikia hili. Dalali aliyeishi miaka analijua kuliko jina la mtaa wake. Kazi yake ilikuwa simu moja tu: "Mnapokea Watanzania? Mnajaza Fomu C?" Hakuipiga, au aliipiga akajibiwa hapana na akachukua hela zetu vilevile.

Nikampigia hakupokea. Baadaye sana ikaja sauti ya WhatsApp: "Dada, wewe waelezee tu kwamba mlishalipa." Sauti hiyo ninayo mpaka leo.

Aliyetuokoa ni mzee muuza chai pale stendi ya Tallital. Alimpa mama kiti chake na blanketi, akapiga simu kwa watu wake mpaka akapatikana mwenye hoteli aliyesajiliwa kupokea wageni. Tukalipa upya, bei ya msimu, mara kadhaa ya ile tuliyolipa Delhi. Kwa hiyo watu wa Nainital sina ugomvi nao, na hao wenyewe wanateseka na msongamano huu kuliko sisi tuliopita tu.

Asubuhi nikakaa na ile ratiba ya dalali mkononi, nikiuliza watu wa pale kitu kimoja kimoja. Hapo ndipo damu ilinichemka upya.

Ratiba imeandika "Tiffin Top, mandhari ya ajabu kutoka Dorothy's Seat". Hiyo Dorothy's Seat haipo! Ilikuwa jukwaa la mawe juu ya mlima, liliporomoka na mlima wake Agosti 2024 wakati wa mvua. Mtu anatuuzia mahali palipokwisha kuanguka bondeni. Halafu kwa hali ya mama, kule juu watu hupanda kwa miguu au farasi.

Ratiba imeandika kwenda Kainchi Dham, hekalu la guru wa Kihindu Neem Karoli Baba, tarehe 15 Juni. Wakuu, tarehe 15 Juni ndiyo sikukuu ya mwaka ya hekalu hilo! Watu wanafurika kutoka India nzima, na barabara ya Bhowali ya kwenda huko magari yanazuiwa. Angechagua siku nyingine yoyote ya mwaka ingekuwa afadhali.

Ratiba imeandika "makumbusho ya Jim Corbett, Gurney House". Huyu ndiye yule mwindaji wa chui na simba marara wala watu, alizaliwa hapo Nainital 1875, India ilipopata uhuru 1947 akauza nyumba akahamia Kenya, akafia huko 1955, na kaburi lake lipo Nyeri. Gurney House, hiyo nyumba aliyoiuza, ni makazi ya watu binafsi. Makumbusho yake yapo Kaladhungi, chini ya mlima, kwenye nyumba yake ya msimu wa baridi. Yaani hata jambo hili moja linalogusa Afrika Mashariki, ambalo mama alilifurahia kulisikia, kalibandika tu bila kujua.

Na ile picha ya theluji aliyokuwa anaionyesha? Ni kweli, kutoka Snow View, unakopanda kwa vile vibehewa vinavyoning'inia kwenye waya, unaweza kuiona Nanda Devi, mlima wa mita 7,816. Lakini hiyo ni Oktoba na Novemba, mvua zimeosha anga. Mwezi wa sita kuna utusitusi wa vumbi, unaona vilima viwili vitatu na basi. Tulipanda. Hatukuona theluji hata punje.

Ziwa lenyewe ni zuri, sitasema uongo. Asubuhi sana kabla honi hazijaanza, boti za rangi zimefungwa kwa mistari, kengele ya hekalu la Naina Devi inalia kule Mallital, na msikiti na gurudwara, hekalu la Masingasinga, vyote viko hatua chache kutoka hapo. Mama alinunuliwa hindi la kuchoma, muuzaji akalipaka limau lililochovywa kwenye chumvi na pilipili, kama tunavyofanya nyumbani. Akacheka. Hicho ndicho alichokifuata.

Lakini angalia ukingoni. Maji yalikuwa yameshuka, tope limebaki wazi, na kwenye tope lile chupa na mifuko. Mji ule unakunywa maji ya ziwa hilohilo. Wageni wanavyojaa mwezi wa tano na wa sita, wakati mvua bado, ndivyo maji yanavyovutwa zaidi. Mwaka 2017 lilishuka mpaka ikawa habari ya nchi nzima. Jirani yake juu kuna bonde la Sukhatal, linajaa wakati wa mvua na ndilo linalolisha ziwa kwa chini kwa chini, na watu wakalijengea, mpaka Mahakama Kuu ya Uttarakhand, ambayo makao yake ni Nainital penyewe, ikaingilia kati. Tangu 2007 wanasukuma hewa kwa mitambo mpaka chini ya ziwa, kwa sababu oksijeni ilikuwa imeisha huko na samaki wanakufa.

Na mlima wenyewe haujatulia. Mwaka 1880, tarehe 18 Septemba, baada ya mvua kubwa upande mmoja wa mlima uliporomoka ukaua watu 151. Ule uwanja wa Mallital ambapo vijana wanacheza mpira leo ulitanuliwa na kifusi hicho. Waingereza wakajenga mtandao wa mifereji kuzunguka mji mzima ili maji ya mvua yasiloweshe mlima. Agosti 2018 kipande cha barabara ya Mall ya chini kilizama ziwani. Sasa kila msimu unapandisha maelfu ya magari kwenye mteremko huohuo, na mnaoyapeleka huko mnaita biashara ya utulivu! Mnauza kitu ambacho mnakimaliza nyinyi wenyewe, na mnamuuzia mtu asiye na nguvu ya kushuka kwenye gari na kurudi kwa miguu.

Kinachoniuma ni kwamba njia nzuri ipo na dalali angeweza kutufanyia. Kuna treni kutoka Delhi hadi Kathgodam. Ranikhet Express inasafiri usiku inakufikisha alfajiri, na Shatabdi inatoka New Delhi asubuhi inafika mchana, mgonjwa amekaa kwenye behewa lenye kiyoyozi na choo kipo. Hapo unachukua teksi ya wenyeji. Na si lazima ulale Nainital. Bhimtal ipo jirani tu, ziwa lake ni kubwa kuliko Naini, iko chini kidogo kwa hiyo hata pumzi ya mgonjwa haisumbuki sana, na kelele ni chache. Subiri Oktoba kama matibabu yanaruhusu. Kama hayaruhusu, basi mwambie mtu ukweli: mama, mwezi huu huko ni foleni, tafuteni gesti yenye jenereta. Ukweli huo haumpi dalali kamisheni, ndiyo maana hatukuambiwa.

Mama alirudi Delhi miguu imevimba. Kliniki ya mwisho daktari akauliza amefanya nini, akakaa kimya kwa aibu, mtu mzima wa umri wake, wakati aibu ile haikuwa yake.

Kwa hiyo wewe uliyeko Delhi sasa hivi na mgonjwa wako na umeshaonyeshwa picha ya ziwa: usilipe mpaka hoteli yenyewe, si dalali, ikuandikie kwamba inapokea wageni wa nje na inajaza Fomu C. Uliza gari linaishia wapi, na nani atabeba mizigo kutoka hapo. Uliza ngazi ni ngapi. Akianza kukuita ndugu badala ya kujibu, achana naye. Mnaoishi Delhi na Noida mnaojua hoteli zilizosajiliwa Nainital, Bhimtal na Kathgodam, wekeni majina hapa chini, mtasaidia wengi.

Na wewe uliyetuuzia, najua humu unaingia. Jina lako sijaliweka kwa sababu mama amenikataza. Risiti ya malipo ninayo, ratiba ninayo, sauti yako ninayo. Rudisha hela ya chumba ambacho hatukulala na ya gari lililotuacha kizuizini. Namba yangu unayo, ni ileile uliyoacha kuipokea usiku ule.