Yule wa "niletee nikufungie" kanidhalilisha mbele ya grupu zima, leo silali

Wakuu hamjambo, mimi sijambo ila moyo unawaka. Mnamjua. Yule fundi wetu wa hapa Tanga anayejifanya kazaliwa ndani ya EVE Online, ule mchezo wa mtandaoni wa meli za angani, simtaji. Kufungia ndio kukuwekea vifaa kwenye meli.

Juzi nikamwambia nataka kuingia pleksi, yale maeneo ya kugombania kwenye vita vya himaya, zile ndogo ambazo geti linapitisha frigeti tu, vimeli vidogo vya vita, na mimi nina frigeti yangu ya Merlin. Akanifungia YEYE, kwa mkono wake, pale Ngamiani, huku anakula mhogo wangu wa nazi, mausi mpaka sasa inanuka. Kaweka shildi ekstenda, ile ya kuongeza ngao, sawa. Halafu kaweka na bamba la chuma. Nikauliza vyote viwili? Akasema "babu tulia, hicho sasa kifaru".

Leo nimeingia, jamaa na frigeti yake ya Rifter kakaa palepale unapotua, kanipiga skrambla nisiweze kuruka kukimbia, kanipiga webu ya kupunguza mwendo, spidi ikabaki ya konokono mjamzito, chai haijapoa nishakufa. Kufa hakuniumi, hata jana nilikufa. Kilmeli, ile ripoti ya meli iliyolipuliwa na vifaa vyake, imeingia kwenye grupu na wa kwanza kuandika nani? YEYE. "Nani kakufungia takataka hii?"

NANI KAKUFUNGIA!! Mhogo wangu bado uko tumboni mwake! Watu wanacheka mpaka Pangani wanasikia na mimi vidole vinatetemeka nashindwa hata kujibu. Eti nani kakufungia.

KataniKavu: Pole mkuu ila bonasi ya Merlin iko kwenye ngao, bamba la nini? Bamba linaifanya nzito, ekstenda inaikuza, bunduki za watu zinaipata kirahisi. Umeenda vitani umebeba kabati.

Mleta uzi: SI NDIO NASEMA KAFUNGA YEYE

Chumbageni_juu: Na macho alikufungia yeye?

KataniKavu: 😂😂😂 uzi ufungwe

BintiMakorora: Bora nyie mnapigana. Mimi nafasi yangu ni saa nane mchana, na saa nane ndio sava inazimwa kila siku. Kila. Siku.

KataniKavu: Iceland kwao wenye mchezo hiyo saa tano asubuhi dada, wenzio wako kazini

BintiMakorora: na mimi nilikuwa kazini tangu saa kumi na moja alfajiri wala sijazima cha mtu

Mzee_wa_Bando: Saa nane unalia? Mimi umeme ulikatika niko katikati ya skrambla, narudi nakuta niko stesheni, meli haipo, na bando nalo limeisha

Mleta uzi: Jamani turudi kwenye mada, kaniuliza nani kakufungia...

Chumbageni_juu: Huo mhogo wa nazi wa wapi lakini?

Mzee_wa_Bando: Barabara ya 12 huyo mama wa kona, uwahi, magharibi unakuta sufuria tu

BintiMakorora: anaweka papa au mtupu?

Mzee_wa_Bando: Papa. Nenda na bakuli lako